Zizi Baina ya Nyumba za Mawe

Mwezi wa Agosti mwaka 1505, Francisco de Almeida alipouvamia mji wa Mombasa na kuutia moto, alikuwamo katika msafara wake Mjerumani mmoja, Hans Mayr, na katika waraka unaonasibishwa naye mna habari ndogo ambayo wanahistoria, kwa kushughulika mno na mizinga na ngawira, aghalabu huipita bila ya kuitupia jicho: ya kwamba baina ya nyumba za mawe, zilizopakwa chokaa na nyingine kufika ghorofa tatu, palikuwa na nyumba za mbao zenye vibaraza na mazizi ya ng'ombe, na kwamba makao yasiyokuwa nazo yalikuwa machache mno.

Mwenye kuvijua vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, ambamo mahamali wawili wenye mizigo hawapishani ila kwa kuombana radhi, hatakosa kujiuliza ng'ombe hao walikula nini, hususan wakati wa masika, upepo wa kusi unapoleta mvua na mwezi wa Mei kuzidi miezi yote kwa maji. Mimi sioni jawabu ila moja: mnyama aliyefungwa ubavuni mwa nyumba ya tajiri hakwenda malishoni kila siku, bali malisho yalimjia yeye, yamekatwa kwa mundu na kuchukuliwa kichwani.

Wala kuletewa chakula halikuwa jambo geni kwa Mvita, yaani Mombasa. Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, alieleza kuwa kisiwa hakikuwa na kilimo cha nafaka, na kwamba nafaka yake ililetwa kutoka Sawahili, yaani pwani ya bara. Hata hivyo Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzo wa karne ya 16, aliusifu mji kwa wingi wa ng'ombe na kondoo wenye mikia ya mviringo, na kwa unono wa wanyama wake. Unono huo, nionavyo mimi, ulikuwa na jasho la mkata majani ndani yake, ijapokuwa msafiri husifu ng'ombe, mkata majani asimtaje.

Na kazi yake si nyepesi kama inavyodhaniwa na asiyeijaribu. Masika ndiyo majira ya neema, ukoka ukitambaa kila mahali na majani ya tembo yakipanda mfano wa miwa. Lakini majani machanga yaliyolowa mvua yana maji mengi na nguvu kidogo, na ng'ombe akiyala hivyo hivyo hujaza tumbo upesi, pengine akahara, na maziwa yakapungua ilhali hori limejaa. Kwa ajili hiyo mfugaji mwenye uzoefu hungoja umande ukauke, na mvua isipokatika huyakata vivyo hivyo akayatandaza chini ya paa hata yanyauke kidogo, ndipo awape. Wala hayarundiki mengi, kwani rundo la majani mabichi hushika joto na kuoza. Tena huyakagua, kwa sababu kupe wa ndigana huweza kuingia zizini ndani ya mganda, bila ya ng'ombe kutoka nje hata hatua moja.

Mashamba yalipokuwa ng'ambo, taabu ilizidi. Mzigo wa kutoka Kisauni ulivuka kwa chombo, na wa kutoka bara ulingoja Makupa maji yapwe, mpaka reli ilipoanza kutandikwa mwaka 1896 ikavuka kwenda bara, na daraja la Nyali la kuelea likafunguliwa mwaka 1931. Baadaye, katika miaka ya 1980, watafiti wa kilimo wa Mtwapa waliwahimiza wafugaji wadogo wa pwani wapande majani ya tembo pamoja na miti ya lusina, wawafunge ng'ombe wa maziwa bandani na kuwakatia. Ni shauri jema, na faida yake haina shaka. Ila baadhi ya watu hulisimulia kana kwamba pwani haikupata kumwona ng'ombe wa ndani kabla ya siku hizo.

Hao na waambiwe habari za nyumba za mbao zilizosimama baina ya nyumba za mawe, ambazo Almeida alizikuta na mazizi yake, akaziacha majivu.