Kimeng'enya Kinapokamatwa Kazini

Zamani, aliyetaka kujua nguvu ya kimeng'enya fulani cha ubongo alimuua panya, akausaga ubongo, akaitia rojo yake kwenye neli pamoja na kemikali ambayo kimeng'enya hicho huishughulikia, kisha akapima. Jibu lilipatikana, tena la tarakimu safi. Lakini lilieleza uwezo wa kimeng'enya kilichopewa kila kinachokihitaji. Kilifanya kazi kiasi gani panya alipokuwa hai, akinusa na kutembea? Neli haikuweza kusema.

Louis Sokoloff, wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili huko Bethesda, Marekani, alilishughulikia swali hilo kwa miaka mingi. Ubongo huendeshwa na glukosi, na kimeng'enya kinachoipokea glukosi ikishaingia kwenye seli ni heksokinasi, ambacho huibandika fosfeti. Glukosi yenyewe haikufaa kufuatiliwa, maana huchomwa upesi na kaboni yake ikatoka na hewa ya kaboni dayoksaidi. Sokoloff akachagua ndugu yake, deoksiglukosi, iliyopungukiwa atomu moja tu ya oksijeni. Heksokinasi huibandika fosfeti kama kawaida, ila kimeng'enya kinachofuata hushindwa kuiendeleza, nayo hubaki palepale kama samaki aliyeingia demani. Ikiwekewa kaboni-14, mionzi iliyonaswa katika kila sehemu huonyesha kazi ya heksokinasi ya sehemu hiyo.

Kazi yenyewe ilidai uvumilivu. Panya aliye macho alidungwa sindano ya mshipa, kisha sampuli za damu ya ateri zikachukuliwa mfululizo kwa dakika 45, ili ijulikane kemikali kiasi gani ilipatikana kwa ubongo kila wakati. Ndipo alipouawa. Ubongo uligandishwa, ukakatwa vipande vyembamba vya maikromita 20, vikalazwa juu ya filamu ya eksirei. Palipofanya kazi sana palitoka peusi. Kwa tumbili aliyezibwa jicho moja, gamba la ubongo linalohusika na kuona lilitoa mistari myeusi na myeupe iliyopishana, kila mstari ukiwa wa jicho lake. Sidhani kama kuna picha ya enzi ile iliyodhihirisha vizuri zaidi kwamba kemia ya ubongo ina ramani. Hesabu kamili za mbinu hiyo zilichapishwa mwaka 1977, na mwaka 1981 Sokoloff akapewa Tuzo ya Lasker.

Hata hivyo, mnyama alikuwa hai wakati wa kupimwa lakini ilibidi afe ili kipimo kisomwe. Mnyama mmoja, kipimo kimoja, basi. Mionzi ya kaboni-14 ni dhaifu mno kupenya fuvu. Florini-18 na kaboni-11 ni habari nyingine: hutoa pozitroni, na pozitroni inapokutana na elektroni huzaliwa miale ya gama inayotoka hadi nje ya kichwa na kunaswa na skana ya PET. Mwaka 1976 maabara ya Brookhaven, New York, ilitengeneza deoksiglukosi yenye florini-18. Kwa kuwa nusu ya mionzi yake hupotea kila dakika 110, ilikimbizwa kwa ndege hadi Philadelphia, ambako ilidungwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza.

Mkemia Joanna Fowler, wa hukohuko Brookhaven, akakilenga kimeng'enya kingine: MAO-B, kinachovunja dopamini. Alitumia deprenili, dawa ya ugonjwa wa Parkinson ambayo MAO-B ikijaribu kuivunja hunata nayo moja kwa moja. Ikiwekewa kaboni-11, kimeng'enya hujiandika chenyewe kwenye picha. Lakini ana hakika gani kwamba mionzi inayoonekana imeshikwa na kimeng'enya hasa? Hapa ndipo ninapomvulia kofia Fowler. Ili kunata, MAO-B lazima kwanza ing'oe atomu ya haidrojeni kwenye deprenili. Yeye na wenzake wakaweka haidrojeni nzito mahali pake, ambayo ni ngumu kung'olewa, wakamdunga nyani. Mionzi ikanaswa polepole zaidi. Ndani ya ubongo wa mnyama anayepumua, walikuwa wameona kifungo kimoja cha kemikali kikikatwa.

Sasa mnyama yuleyule aliweza kupimwa tena na tena. Nyani waliopewa deprenili ya kawaida, ya kuzima MAO-B yao, walirudishwa kwenye skana mara kwa mara, ikaonekana kwamba nusu ya kimeng'enya hicho huundwa upya kwa siku 30 hivi. Kwa binadamu ni takriban siku 40, jambo la maana sana kwa daktari anayepanga dozi. Huko Chiba, Japani, Toshiaki Irie na wenzake walitumia ujanja wa aina hiyo kwa kimeng'enya kingine cha ubongo, asetilikolinesterasi, wakianza na panya, na mwaka 1997 upungufu wake ukapimwa kwa wagonjwa wa Alzheimer walio hai.

Mwaka 1996 kundi la Fowler lilichapisha picha za wavuta sigara. MAO-B yao ilikuwa pungufu kwa asilimia 40 ikilinganishwa na ya wasiovuta. Nikotini peke yake haikueleza upungufu huo. Kuna kitu kingine ndani ya moshi. Waliokuwa wameacha sigara walikuwa na kimeng'enya chao kamili.