Jina Moja, Herufi Nyingi

Mwaka jana kijana mmoja wa kikundi chetu alipata nafasi ya kusoma chuo kikuu cha Marekani kwa njia ya intaneti. Kazi yake ya kwanza ya historia ilikuwa hii: tafuta wakimbizi wa karne ya 20 walioandika, kisha eleza maandishi yao yalifika wapi. Akachagua Warusi. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, kwa nini Warusi na sisi tuko Kigoma?" Akanijibu, "Kaka, pasipoti ya kwanza ya wakimbizi ilitengenezwa kwa ajili yao." Nikanyamaza, maana alisema kweli.

Tuanze na historia yenyewe. Baada ya mapinduzi ya 1917 na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata, watu zaidi ya milioni moja walikimbia Urusi. Desemba 1921 serikali mpya ikawafutia uraia wengi wao. Mwaka huohuo Shirikisho la Mataifa lilimteua Fridtjof Nansen wa Norwei kuwa Kamishna Mkuu wa wakimbizi, na 1922 ikatoka hati iliyoitwa pasipoti ya Nansen. Hata Ivan Bunin, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1933, alikuwa mkimbizi Ufaransa, hana uraia wa nchi yoyote.

Watu hao walikaa Berlin, Prague, Paris, Belgrade na kwingineko. Na kila walipokaa walichapa magazeti na majarida. Jarida lao kubwa la fasihi, Sovremennye zapiski, lilitoka Paris kuanzia 1920 hadi 1940, matoleo 70. Kwa watu waliopoteza nchi, si mchezo.

Basi tukakaa jioni kwenye kompyuta ya kituo cha vijana, tukafungua katalogi ya maktaba ya chuo chake. Ambaye hajaitumia ajue hivi: katalogi si vitabu vyenyewe, ni orodha ya vitabu. Katalogi nyingi za vyuo vikuu zinamruhusu mtu yeyote kutafuta bure. Nenosiri linadaiwa pale unapotaka kusoma. Kila kitabu kina ukurasa wake mdogo wenye jina la mwandishi, mji, mwaka na mada.

Tukaandika jina la jarida kama nilivyoliandika hapo juu. Vikatoka vitabu vilivyoandikwa baadaye kulihusu, lakini lenyewe halimo. Bando likakaribia kuisha. Nikasema, labda hawana.

Kumbe wanalo! Warusi wana herufi zao, na maktaba za Marekani huzigeuza kuwa herufi za Kilatini kwa kanuni maalumu. Tena mwaka 1918 serikali mpya ilibadilisha namna ya kuandika Kirusi, na wakimbizi wengi wakakataa kuifuata. Waliendelea na maandishi ya zamani kama alama ya kwao. Kwenye jalada la jarida mwisho wa neno la kwanza uliandikwa kwa namna ya zamani, na mkutubi aliandika alichokiona: Sovremennyia zapiski. Herufi mbili tu. Tulipozibadilisha, jarida likatokea, na chini yake orodha ya matoleo ambayo maktaba hiyo inayo.

Hapo nikamkumbuka babu. Kwenye kadi moja jina lake linaanza na R, kwenye nyingine L, kwa sababu karani aliandika alivyosikia. Familia ya baba mdogo ilipofika, kuunganisha mafaili kulichukua miezi kumi na moja, na muda wote huo shangazi alikuwa akiulizwa kama kweli yeye ni ndugu yetu. Wengi mnaosoma hapa mna hadithi kama hii.

Katalogi nzuri ina dawa ya ugonjwa huo. Kila mwandishi ana jina moja la kutafutia, na majina yake mengine yote huandikwa nyuma yake yakielekeza kwa mtu huyohuyo. Vladimir Nabokov aliishi Berlin tangu 1922 hadi 1937. Vitabu vyake vya Kirusi alivisaini V. Sirin, kwa kuwa baba yake naye aliitwa Vladimir Nabokov na alikuwa mtu wa magazeti. Riwaya yake ya kwanza, Mashenka, ilitoka Berlin 1926 ikiwa na jina la Sirin. Ukiandika jina lolote kati ya hayo mawili, unafika kwa mtu mmoja. Hakuna anayemwambia athibitishe kwamba yeye ni yeye.

Miaka na miji nayo inasema. Riwaya yake Dar ilitoka kwa vipande ndani ya Sovremennye zapiski mwaka 1937 na 1938. Kitabu kizima kilitoka New York mwaka 1952. Kijana akauliza, mbona miaka yote hiyo? Kwanza Wajerumani waliingia Paris 1940 na jarida likafa. Tena wahariri walikuwa wameikataa sura ya nne, kwa kuwa ilimdhihaki mwandishi waliyemheshimu. Kwa hiyo hata wakimbizi walinyimana nafasi wao kwa wao. Tusijifanye malaika.

Si kila kitu kilipona. Maktaba ya Turgenev, iliyofunguliwa Paris mwaka 1875 na kutumiwa sana na Warusi wa uhamishoni, ilikuwa na vitabu karibu 100,000. Wajerumani waliibeba mwaka 1940. Lakini Prague mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1923 wakimbizi walianzisha hifadhi ya historia yao, na 1924 serikali ya Chekoslovakia ikaanzisha Maktaba ya Kislavoni. Baada ya vita hati za ile hifadhi zilipelekwa Moscow, lakini magazeti na majarida yalibaki Prague. Mwaka 2007 UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Kuna mtu aliyehangaika kukusanya magazeti ya watu wasio na nchi, na leo yanatafutwa kutoka Kigoma.

Sasa turudi kwetu. Toleo la kwanza la jarida hili mimi sina. Nimeuliza kituoni, hawana. Masika iliyopita paa lilivuja, na sanduku la matoleo ya zamani likalowa. Kama unalo, tafadhali usifungie maandazi.

Ninaomba mambo mawili. Ninyi mnaotuandikia, andikeni jina lenu kwa namna moja kila mara, pamoja na mwezi, mwaka na mahali. Nanyi wafanyakazi wa mashirika, mnapokwenda mjini, bebeni nakala mbili za kila toleo mzipeleke maktaba yenye katalogi. Gharama yake haifiki nauli ya pikipiki.

Kijana wetu alipata alama nzuri. Juzi kwenye katalogi ileile aliandika jina la kambi yetu. Zikatoka ripoti nyingi zilizoandikwa kutuhusu. Tulichoandika sisi wenyewe hakikuwemo.