Hamira yachukua kazi ya tumbo la ndama

KWA karne nyingi watengenezaji wa jibini walitegemea sehemu ya nne ya tumbo la ndama anayenyonya. Humo hupatikana kimosini, kimeng'enya kinachogandisha maziwa. Ili kukipata, ndama alipaswa kuchinjwa. Ulaji wa jibini ulipoongezeka baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, matumbo ya ndama hayakutosheleza tena mahitaji ya viwanda.

Katika miaka ya 1980 wataalamu walinakili jeni ya ndama inayoongoza utengenezaji wa kimosini na kuipandikiza katika vijidudu. Mwaka 1990 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliruhusu kimosini kilichotokana na bakteria aina ya E. coli. Hata hivyo, bakteria hao hukilimbikiza kimeng'enya ndani ya seli kikiwa madonge yasiyo na nguvu. Hulazimu kuzivunja seli hizo, kisha kukirejesha kimeng'enya katika umbo lake.

Kampuni ya Gist-brocades ya Uholanzi ilichagua hamira iitwayo Kluyveromyces lactis, jamii ya mbali ya hamira ya mkate, ambayo huweza kuishi kwa sukari ya maziwa. Hamira hii ina sifa moja kubwa: hukitoa kimeng'enya nje ya seli, katika kimiminika kinachoizunguka ndani ya tangi. Kimeng'enya hutoka kikiwa hakijakamilika, nacho hukamilika kinapotiwa tindikali. Kisha seli za hamira huondolewa kwa kuchujwa. Kimosini hicho kilikubaliwa na FDA mwaka 1992.

Kazi yake ndani ya maziwa ni mahususi. Chembe za protini za maziwa hazishikamani kwa sababu zimezungukwa na protini nyingine iitwayo kapa-kaseini. Kimosini huikata protini hiyo mahali pamoja, kati ya asidi amino ya 105 na ya 106. Kinga hiyo ikiondoka, chembe hushikana, maziwa huganda, na maji yake hukamuliwa.

Kwa kuwa kimosini cha hamira hakitofautiani na cha ndama, jibini hutengenezwa bila mnyama kuchinjwa, jambo lenye uzito kwa wasiokula nyama. Hata hivyo, si wote waliokipokea: kanuni za jibini ya Parmigiano Reggiano ya Italia bado zinataka kimeng'enya kitokane na tumbo la ndama.