Vileja vya Tofaa: Jina Lililokuwa Likitafutwa Jikoni

Oktoba iliyopita nilikuwa mgeni wa dada yangu katika mji mdogo wa pwani ya Massachusetts, mwendo mfupi tu kutoka Salem. Nje, majani yalikuwa yamekwisha kugeuka rangi, mengine mekundu kama pilipili mbivu, mengine ya manjano, na upepo ukiyapukutisha mlangoni. Ndani, dada yangu na bintiye wa miaka 11 walikuwa wakioka vitu vidogo vya mviringo vyenye vipande vya tofaa ndani na karameli juu, ambavyo katika nchi ile huokwa majumbani msimu huo ufikapo. Mimi nilipewa kazi ya kumenya matofaa, kazi ya mgeni asiyeaminiwa na sukari ya moto.

Mtoto akaniuliza, "Mjomba, hivi kwa Kiswahili vinaitwaje?"

Mimi ninayejigamba kuijua lugha, ninayesahihisha mizani za wenzangu bila haya, nikajibu upesi: "Hivyo havina Kiswahili, mwanangu. Ni vitu vya kwao."

Akaniangalia kidogo. "Kwao nani, Mjomba?"

Nilikosa jibu. Kwao ni pale pale. Amezaliwa pale, amesoma pale, na Kiswahili chake chote amekipata katika jiko lile, kwa mamake. Iwapo jiko lenyewe halisemeki kwa Kiswahili, sijui lugha hiyo nimemwachia mahali gani pa kukaa. Usiku ule sikulala vizuri, na haya niandikayo ndiyo niliyoyafikiri na kuyasoma tangu siku hiyo.

Nianze na majira yenyewe, kwa kuwa hapo wafasiri wetu hujikwaa. Wengi huandika "vuli" wakutanapo na msimu huu wa kaskazini, kwa sababu miezi inakaribiana. Lakini vuli yetu ni mvua, ni ardhi kufunguka na mbegu kutiwa. Msimu wa kule ni wa kuvuna na kufunga ghala kabla ya theluji. Mshairi aandikaye "vuli" akikusudia majani yaanguke, amempa msomaji wa Tanga mvua asiyoiomba. "Majira ya mapukutiko" ni sahihi zaidi, ila linakula mizani 9, na kipande cha kawaida cha shairi letu kina mizani 8. Mimi huridhika na "mapukutiko" peke yake.

Tofaa halina taabu. Neno hilo, na nduguye tufaha, limetokana na tuffah la Kiarabu. Lililo la ajabu ni kwamba pwani yetu lililikalia tunda jingine kabisa, lile jekundu lenye nyama nyeupe kama pamba, ambalo asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Jina lilikuwapo, tunda lenyewe la baridi halikuwapo, basi jina likapewa mwenyeji. Siku hizi tunda la baridi limefika sokoni, na wauzaji huliita "epo", nasi tunawakemea. Nadhani wauzaji hawana kosa kubwa: kiti kilikuwa kimekaliwa. Na huko Massachusetts nako tofaa ni mgeni. Asili yake ni milima ya Asia ya Kati, upande wa Kazakhstan; Waingereza walilipeleka Marekani katika karne ya 17, na aina moja iliyozaliwa huko karne hiyo hiyo, Roxbury Russet, ingali inalimwa. Mengi ya matofaa ya zamani hayakuliwa mabichi. Yalikamuliwa kinywaji, au yalikatwa vipande, yakatungwa uzini na kukaushwa kungojea baridi.

Sasa kitu chenyewe. Wamarekani hukiita "cookie", na neno hilo si la Kiingereza kwa asili. Lilitoka kwa Waholanzi waliotawala mji wa New Amsterdam, ambao Waingereza waliuchukua mwaka 1664 na kuuita New York. Kwa Kiholanzi ni "koekje": "koek" ni keki, na "-je" ni kiambishi cha kudogosha. Wao hudogosha mwishoni mwa neno, sisi hudogosha mwanzoni kwa "ki-". Kwa hiyo aliyesema "koekje" alisema, kwa ufundi uleule wa sarufi, "kikeki".

Mwaka 1796 neno hilo liliingia katika kitabu cha Amelia Simmons, "American Cookery", kilichochapwa Hartford, Connecticut, na kuhesabiwa kuwa kitabu cha kwanza cha mapishi kutungwa na Mmarekani. Mwandishi alijitambulisha kwa jambo moja tu, kwamba yeye ni yatima. Mapishi yake ya vikeki hivyo yanaanza kwa kuchemsha sukari na maji, yaani kutengeneza shira, jambo ambalo mpika kaimati yeyote wa Unguja angelitambua bila kutafsiriwa. Kisha huingia giligilani iliyosagwa. Giligilani! Tena huingia chumvi ya majivu ya kuni, iliyoyeyushwa katika maziwa, ili kuumua unga. Ni kazi iliyo sawa na ile ya magadi. Baadaye soda ya kiwandani ilichukua nafasi ya majivu, nayo hufanya kazi vizuri pamoja na tofaa, kwa kuwa uchachu wa tunda ukikutana na soda hutoa hewa inayoufanya unga uinuke.

Karameli ndiyo iliyoniweka macho zaidi. Kifaransa kililipata neno hili kutoka Kihispania, "caramelo". Zaidi ya hapo wataalamu wamegawanyika. Wako wanaoona ndani yake maneno ya Kilatini ya mwanzi na asali, yaani muwa. Wako wanaolirudisha kwenye "calamellus", mwanzi mdogo, litokanalo na "calamus", nalo ni la Kigiriki, "kalamos", mwanzi au tete. Malenga wenzangu, mmekwisha kuona tunakoelekea. Waarabu nao walilichukua "kalamos", wakalifanya "qalam", nasi tukalipokea: kalamu. Kalamu za kale zilichongwa kwa tete, na ndizo zilizoandika tenzi za Lamu na Pate kwa herufi za Kiarabu. Ikiwa kundi hili la pili ndilo lililo sahihi, basi karameli na kalamu ni watoto wa mwanzi mmoja, mmoja akaenda jikoni, mwingine chuoni. Sina mamlaka ya kuamua mabishano ya wanaisimu. Natamani tu wawe sahihi.

Kuipika ni jambo la dakika chache na hofu nyingi. Sukari kavu hutiwa katika sufuria nzito juu ya moto wa wastani, haikorogwi, inaachwa iyeyuke yenyewe. Ikifika nyuzi 160 hadi 170 za Selsiasi huanza kugeuka rangi, na toka hapo mpishi hana ruhusa ya kuitikia simu. Ikizidi kidogo inakuwa chungu. Siagi na malai hutiwa wakati mmoja wa rangi, na wakati huo dada yangu aliutaja kwa neno ambalo sikulitarajia. Alimwambia bintiye, "Ngojea iwe rangi ya sandarusi."

Sandarusi! Mtoto hakujua ni nini, na mimi sikuwa nimelisikia kwa miaka mingi. Ni ule utomvu mgumu wa rangi ya asali uliochimbwa ardhini katika mrima wa Tanganyika, ukapelekwa Unguja, na toka Unguja ukapelekwa, miongoni mwa kwingine, Salem, ukafanywe vanishi ya samani. Mji ambao dada yangu hununulia unga wake ulikuwa ukinunua sandarusi yetu karibu miaka 200 iliyopita.

Hapo ndipo historia ya kijiko kile inapokuwa yetu kwa haki, wala si kwa kujipendekeza. Mwaka 1833 Marekani na Sayyid Said bin Sultan walitia saini mkataba wa biashara. Mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, alifika Unguja. Mwaka 1840 jahazi la Sayyid Said, Sultana, likatia nanga New York, likiongozwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman, ambaye mchoraji Edward Mooney alimchora akiwa huko. Ndani ya jahazi mlikuwamo tende, mazulia, kahawa, pembe za ndovu, ngozi, sandarusi, na magunia 135 ya karafuu.

Karafuu hizo zilikwenda wapi? Nyingine hospitalini, nyingine katika nyama, na nyingine, bila shaka, katika tofaa. Tofaa la Massachusetts na karafuu ni ndoa ya zamani. Kabla ya Unguja, Waholanzi walileta karafuu za visiwa vya Maluku. Mkarafuu uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na kufikia katikati ya karne hiyo visiwa vyetu vilikuwa vimeipita Maluku. Mdalasini nao umo katika unga ule, na jina lake ni la Kiajemi, "dar chini", mti wa China, ambalo Waswahili walilivika "m-" ya miti likatulia kana kwamba limeota hapa.

Salem ililipa kwa nguo. Vitambaa vya pamba visivyotiwa rangi, vilivyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, vilienea pwani hadi bara, vikaitwa merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikatiza pamba hiyo, na wafumaji wa kwingine wakaingia sokoni, lakini jina halikung'oka. Nguo ya Bombay iliitwa merikani vilevile.

Pamba ya merikani ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Karafuu zilichumwa na watumwa wa Unguja na Pemba. Waters, mtu wa dini aliyeuchukia utumwa na kuandika hivyo katika shajara yake, aliuza cha hawa na kununua cha wale. Watu hao wengi waliletwa kutoka bara na lugha zao, na Kiswahili walijifunzia chini ya mikarafuu. Sisi wapenzi wa lugha hupenda kuwahesabu mashekhe na malenga waliokikuza Kiswahili, na tuna haki. Lakini majina ya kazi ya shamba, ya kuchuma, kuchambua na kuanika, yamepita vinywani mwa watu ambao hatuna diwani zao. Bibi yetu alichuma karafuu Pemba kwa ujira. Mamake, kabla ya mwaka 1897 utumwa ulipofutwa, alizichuma bila ujira.

Ndugu msomaji, nilipomwambia mtoto yule kwamba ni vitu vya kwao, nilikuwa nimemnyang'anya bibi mzaa bibi yake.

Nikarudi jikoni siku ya pili na hoja zangu. Jina lilikuwa tayari, nalo ni kileja. Vileja vya Unguja ni vikeki vikavu vya mviringo, vya unga wa mchele, samli na sukari, vinavyopendwa hasa sikukuu. "Biskuti" ni neno zuri pia, lakini kwa asili yake maana yake ni kilichopikwa mara mbili, na hivi vimepikwa mara moja tu, dakika 12 katika tanuri la nyuzi 175. Kuna na haja ya kutofautisha kile cha dukani, chenye karatasi yake, na hiki kinachotoka mkononi mwa mtu.

Dada yangu alisikiliza huku akiyakausha matofaa yaliyokatwa madogo kama punje za mahindi. Huyapitisha kwanza kwenye sufuria yenye siagi kidogo, kwa kuwa maji ya tofaa yakibaki hulainisha unga ukawa uji. Akatia mdalasini, akatia karafuu mbili zilizosagwa, zisizozidi, maana karafuu haina adabu ikizidi. Akapanga vinyunga kwenye sinia, akavibonyeza kwa kidole gumba, vikaingia motoni.

"Kaka," akasema, "kileja hakiwi kileja bila iliki. Hayo mengine yote ni maneno yako ya blogi."

Nikamjibu kwamba jina hupanuka, kama merikani ilivyopanuka. Akaniuliza kama na mimi ningekubali shairi la mizani 7 liitwe la mizani 8 kwa sababu jina limepanuka. Bintiye alikuwa ameshika kalamu na kijikaratasi cha kubandika juu ya kopo, akitungojea tumalize.

Sinia la pili tulitia iliki. Mtoto akaandika: VILEJA VYA TOFAA. Kisha akaniuliza kama karameli inaandikwa kwa R au kwa L, na mamake akamwambia aandike haraka kabla hazijapoa.