Nyumba ya Kavala: Habari za Bwana na Bibi Hore katika Ziwa Tanganyika

Mvua inyeshayo Kasulu na Kibondo haikai kwetu. Maji yake huteremka kwa mito mingi mpaka Malagarasi, na Malagarasi huyapeleka katika Ziwa Tanganyika. Hata ziwani hayakai, maana hutoka tena kwa mto Lukuga, yakaenda Kongo na mwisho bahari kuu.

Katika yubile hii ya Dayosisi yetu, iliyoanzishwa mwaka 1966 na kuwekewa makao yake Kasulu, twatazamia kusoma habari za maaskofu, za makanisa yaliyojengwa, na za shule na hospitali. Ni haki tuzisome. Lakini katika kurasa hizi twapenda kuyafuata maji ya mito yetu mpaka ziwani, tukatazame nyumba moja tu, nyumba ya mtu na mkewe na mtoto wao, waliokaa kisiwani Kavala zamani sana, kabla ya kuwako dayosisi yetu. Hao hawakuwa wa Kanisa letu kwa jina. Hata hivyo twaona ya kuwa nyumba yao yatufundisha neno tuwezalo kulisahau kwa urahisi katika sikukuu.

Siku zile Buha haikuwa nchi ya kupitwa ovyo na wageni. Mwaka 1871 Stanley, akimtafuta Livingstone, alipita katika nchi yetu akatozwa hongo mara kwa mara, hata mwisho akaongoza watu wake kuondoka usiku kwa siri, asije akaishiwa na nguo zake zote. Lakini Ujiji, nchi ya Wajiji ndugu zetu, ilikuwa na soko kubwa kando ya ziwa. Huko Waha waliteremka na mazao yao, chumvi ya Uvinza ikauzwa, na samaki na mawese, na pembe za ndovu. Na wanadamu nao waliuzwa.

Shirika la London Missionary Society lilikuwa limeanzishwa mwaka 1795, na watu wake wa kwanza walifika kisiwa cha Tahiti mwaka 1797. Basi kazi yake ilianza katika visiwa vya bahari ya Pasifiki, na tangu hapo lilijua kazi ya merikebu na visiwa. Tajiri mmoja wa Leeds, Robert Arthington, alipotoa pauni 5,000 ili Injili ipelekwe Tanganyika, shirika lilitafuta makasisi, tena likatafuta baharia. Baharia huyo ndiye Edward Coode Hore. Alifika Ujiji tarehe 23 Agosti 1878 pamoja na mwenzake Thomson. Mwezi mmoja haujatimia, Thomson akafa. Mwaka uliofuata mwenzao Dodgshun alifika Ujiji mwisho wa Machi, na mwanzo wa Aprili akazikwa. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Dakta Mullens, karani mkuu wa shirika, aliyetoka Uingereza aje kuwasaidia, alikufa njiani kabla ya kufika Mpwapwa. Bwana Hore akabaki, akasafiri kandokando ya ziwa kwa mashua, akapima pwani zake, akafanya urafiki na watu wake. Mwaka 1879 aliona kwa macho yake maji ya ziwa yakitoka kwa Lukuga.

Aliporudi Uingereza kupumzika alimwoa Annie Boyle, mwaka 1881. Fikirini, ninyi akina mama msomao habari hizi. Bibi huyu alijua hesabu ya makaburi, akakubali kwenda. Wala hakwenda peke yake na mumewe, bali alichukua na mtoto wao Jack, aliyekuwa bado mdogo.

Mwaka 1882 Bwana Hore alianza kupeleka mashua ya chuma iliyokatwa vipande vipande, jina lake Nyota ya Asubuhi; ikafika Ujiji mwaka 1883. Bibi yake hakuweza kupita upesi kama alivyotumaini. Safari iliyomfikisha aliianza mwaka 1884 kutoka pwani. Alikuwa na kiti cha magurudumu, mfano wa vile wasukumiwavyo wagonjwa Ulaya. Lakini njia ya bara zamani zile ilikuwa njia ya mguu mmoja mbele ya mwingine, nyembamba, yenye miiba na mabonde na mito. Kwa hiyo kiti kilichukuliwa mabegani mwa wapagazi, siku zipatazo 90, mpaka Ujiji, mwanzo wa mwaka 1885. Bibi Hore ahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Ulaya kufika huko. Mwaka 1886 kitabu chake kidogo juu ya safari hiyo kilichapwa London. Siku hizi tunapolalamika kwa ubovu wa barabara ya Kibondo, yafaa tumkumbuke. Tena yafaa zaidi tuwakumbuke wale waliomchukua.

Hawakukaa Ujiji. Bwana Hore alikuwa amechagua kisiwa cha Kavala, ng'ambo ya ziwa, karibu na pwani ya nchi ambayo leo ni Kongo. Huko palikuwa na bandari nzuri ya kufunga mashua, na maji yalikuwa ukuta kati yao na vita vya bara. Hapo ndipo walipofanya nyumba yao.

Je, maisha yao ya kila siku yalikuwaje? Yalikuwa ya kazi ndogo ndogo zisizokwisha. Hapakuwa na duka wala sarafu. Chakula na kazi ya mikono vililipwa kwa nguo na ushanga, na kila jora la nguo na kila kamba ya ushanga lilikuwa limechukuliwa kichwani kutoka pwani ya bahari. Barua ilikwenda kwa miezi, na jibu lake likarudi kwa miezi. Mama aliyeuliza Uingereza habari ya homa ya mtoto wake angepata jibu mtoto amekwisha kupona au amekwisha kuzikwa. Dawa ya homa ilikuwa kwinini, na haikutosha kila mara. Bwana alikuwa na mashua za kutunza, na safari za ziwani za kuwapelekea ndugu wa vituo vingine mahitaji yao. Ziwa hili, kama ajuavyo kila mvuvi wa Kigoma, huchafuka kwa upepo wa kusi wakati wa kiangazi, mawimbi yakawa kama ya baharini. Basi nyakati mumewe alipokuwa majini, Bibi alibaki kisiwani na mtoto na watu wa nyumba, akingoja kuona tanga.

Naye hakungoja bure. Alifungua shule ndogo ya wasichana. Twaomba walimu wetu walipime neno hili. Bwana Hore alikuwa na meli na ramani, na jina lake limeandikwa katika vitabu vya wasafiri. Mkewe alikuwa na wasichana wachache wa kisiwani. Lakini kazi ya mwalimu wa kwanza katika kijiji cho chote cha Kasulu au Kibondo yafanana na ipi katika hizo mbili? Bila shaka yafanana na ile ya Bibi.

Mauti nayo haikuwaacha. Mwaka ule ule wa 1885 Roxburgh, fundi wa mitambo aliyekuja kwa ajili ya meli ya mvuke Habari Njema, alikufa. Na mwanzo wa mwaka 1889 fundi mwingine wa kisiwani, Brooks, aliuawa karibu na Saadani, wakati wa vita vya Abushiri, akiwa njiani kurudi kwao.

Hapa hatuna budi kusema kweli, maana yubile isiyosema kweli si shukrani. Mbele ya Kavala, pwani ya Mtowa, misafara ya watumwa kutoka Manyema ilikuwa ikivuka kwenda Ujiji. Bwana na Bibi Hore walichukia biashara hiyo, lakini walikaa karibu nayo kila siku, na mizigo yao na barua zao zilipita katika njia za wafanya biashara hao hao. Tena wapagazi waliobeba vipande vya mashua na kiti cha Bibi, na mabaharia waliopiga makasia, ndio waliofanya kazi yote iwezekane. Jina la mtoto Jack twalijua; majina yao walio wengi hatuyajui. Hili ni pengo katika historia ya Kanisa.

Mwaka 1888 familia ya Hore iliondoka. Baadaye nguvu za shirika zikaelekezwa kusini mwa ziwa, Fwambo na Niamkolo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Kazi ya Urambo wakakabidhiwa Wamoravian mwaka 1898. Bwana Hore mwenyewe alikwenda kutumika katika meli ya shirika lake baharini Pasifiki. Nyumba ya Kavala ikabaki bila wenyewe. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, safari ya miezi mitatu ikawa safari ya siku chache, na watu wakasahau.

Je, nyumba ile ilikuwa kazi bure? Mtu ahesabuye waliobatizwa aweza kusema hivyo. Sisi hatusemi hivyo. Waliokaa karibu nao waliona mtu na mkewe wakila, wakiugua, wakigombezana na upepo, wakimlea mtoto, wakisali. Mahubiri ya namna hiyo hayaandikwi katika ripoti.

Na sisi Buha tunazo nyumba za namna hiyo nyingi kuliko tunavyodhani. Walikuwako walimu na wainjilisti wetu waliotumwa mbali na kwao, pamoja na wake zao, wakajenga kibanda, wakalima maharage na migomba, wakafundisha watoto chini ya mti, wakazika watoto wao wenyewe katika nchi ya ugeni. Hakuna kitabu chao kilichochapwa London. Habari zao zimo katika vichwa vya wazee, na wazee wanaondoka mmoja mmoja.

Basi twawaomba walimu na wazee wa kila parishi: kabla mwaka huu wa yubile haujaisha, chukueni daftari moja. Nendeni kwa bibi na babu walio wakongwe katika mitaa yenu, mkawaulize: Nani alikuja kwanza hapa kufundisha? Mkewe aliitwa nani? Walikaa wapi? Nani aliwabebea mizigo yao? Andikeni majina yote, la mume na la mke na la mpagazi, mkaiweke daftari hiyo kanisani pamoja na kitabu cha ubatizo. Mwenyezi Mungu ayajua majina hayo pasipo daftari. Sisi na watoto wetu ndio tunaohitaji kuyasoma.