Habari za Mtoto Ruby na Makutano ya New Orleans

Mji wa New Orleans, katika Marekani upande wa kusini, u kando ya mto mkubwa Mississippi, na wenyeji wake tangu kale ni watu wa rangi nyingi. Walakini sheria na desturi ziliwatenga: watoto weupe walikuwa na shule zao, na watoto weusi zao. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilihukumu ya kuwa kuwatenga hivyo katika shule za serikali ni kinyume cha katiba. Lakini kutoa hukumu ni jambo moja, na kutiiwa kwake ni jambo jingine. Wakubwa wa Louisiana walishindana nayo miaka sita, hata Jaji J. Skelly Wright akaamuru kwamba shule za New Orleans zifunguliwe kwa watoto wote.

Wala sisi watu wa Kanisa tusijisifu upesi. Askofu Mkuu Joseph Rummel wa mji ule aliandika barua mwaka 1956, akasema wazi kwamba ubaguzi huo ni dhambi. Hata hivyo shule zake mwenyewe hazikupokea watoto weusi pamoja na weupe mpaka mwaka 1962.

Basi, Jumatatu tarehe 14 Novemba, 1960, watoto wanne weusi walipelekwa katika shule mbili za watoto weupe. Watatu walikwenda pamoja. Wa nne, Ruby Bridges, mwenye umri wa miaka sita, alikwenda peke yake katika shule ya William Frantz. Askari wanne wa serikali kuu walimsindikiza, wawili mbele na wawili nyuma. Mlangoni pa shule palikuwa na makutano ya watu wakipiga kelele, wakitupa vitu. Ruby alipoona hayo hakuogopa, kwa sababu hakuyafahamu. Watu wa New Orleans wana sikukuu yao ya Mardi Gras, kabla ya Jumatano ya Majivu, na siku hiyo watu hujaa njiani na kutupa vitu kwa furaha. Mtoto alidhani ni sikukuu hiyo.

Kutwa nzima alikaa katika chumba cha mwalimu mkuu, akiwatazama wazazi weupe wakiingia kuwaondoa watoto wao. Akafikiri moyoni kwamba shule hii ni nyepesi sana. Aliporudi nyumbani alikuwa ameyashika maneno waliyoyaimba wale watu, kwa kuwa yalikuwa na vina vizuri; akamfundisha rafiki yake, wakawa wakiruka kamba kwa wimbo ule ule wa kumkataa. Hapa msomaji ataona jinsi tusi lilivyopotea njia: lilitupwa kwa mtoto, naye akaliokota likawa mchezo.

Watu wazima hawakuwa na mchezo. Mjini vijana walifanya ghasia, na polisi wakawatawanya kwa maji. Mwanamke mmoja alitisha kumtilia Ruby sumu, hata wale askari wakamkataza kula chakula chochote ila cha nyumbani kwao. Mwingine alileta mwanasesere mweusi ndani ya jeneza dogo, na Ruby amesema baadaye ya kuwa hicho ndicho kilichomwogofya kuliko kelele zote. Baba yake, aliyekuwa amepigana vita vya Korea, alifukuzwa kazini. Babu na bibi yake huko Mississippi waliondolewa katika shamba walilolilima.

Darasani alikuwa na mwalimu mmoja, Bi Barbara Henry, mwanamke mweupe kutoka mji wa Boston. Mwaka mzima alimfundisha mtoto huyu mmoja kana kwamba darasa limejaa. Asubuhi moja Bi Henry, akichungulia dirishani, alimwona Ruby amesimama katikati ya makutano, midomo yake ikitikisika. Alidhani anawajibu. Alipomwuliza, mtoto akasema kwamba hakuwa akisema nao, alikuwa akiwaombea. Mama yake alimfundisha kusali, na desturi yake ilikuwa kuwaombea kabla ya kufika. Siku ile alisahau, akakumbuka alipokuwa kati yao. Habari hii ameieneza Robert Coles, daktari wa watoto na wa mambo ya nafsi, aliyekuwa akimzuru Ruby na wazazi wake.

Hatusemi ya kuwa watu wale walipiga magoti. Hawakufanya hivyo, na walimu wasiwaambie watoto kwamba walifanya. Lakini makutano ya namna hii hulishwa na majibu: machozi huyafurahisha, hasira huyapa sababu. Ruby hakuwapa hata moja, na askari mmoja ameshuhudia kwamba hakulia kamwe. Tena mchungaji mmoja wa Kimethodisti, Lloyd Foreman, mtu mweupe, alimshika mkono binti yake Pam, wa miaka mitano, akapita naye katika matusi yale yale. Wazazi wachache wengine wakafuata. Makutano yakapungua kidogo kidogo.

Walakini watoto wale wachache weupe walifichwa mbali na Ruby, mpaka Bi Henry alipodai waletwe. Siku moja mvulana akamwambia hawezi kucheza naye, kwani mama yake amemkataza kwa ajili ya rangi yake. Hapo ndipo alipofahamu kelele zile zilikuwa za nini.

Mwaka wa pili hapakuwa na askari wala makutano mlangoni, na darasani palikuwa na watoto weupe na weusi. Bi Henry hakuwapo tena. Ruby alikuwa amejifunza kutamka maneno kama watu wa Boston, na mwalimu mpya alimcheka kwa ajili hiyo.