Miaka 50 ya nyayo za Laetoli, na mlima unaogombaniwa

Ukisimama Bukundi, wilayani Meatu, ukaelekeza uso mashariki, upande huo ndiko liliko Ziwa Eyasi. Na ng'ambo yake, kaskazini, ni Laetoli, kwenye miteremko ya milima ya volkano ya Ngorongoro. Mwaka huu wa 2026 inatimia miaka 50 tangu nyayo za kale zigunduliwe huko.

Mchezo ndio uliozifichua. Mwaka 1976, watafiti wa kambi ya mwanaakiolojia Mary Leakey walikuwa wakirushiana kinyesi kikavu cha tembo. Mmoja wao, Andrew Hill, akikwepa akaanguka, na uso ulipokaribia ardhi akaona alama za matone ya mvua na za wanyama juu ya mwamba. Mwaka 1978 zikapatikana nyayo za jamaa zetu wa kale waliotembea kwa miguu miwili, miaka milioni 3.66 iliyopita.

Zilihifadhiwa na majivu ya volkano. Mvua iliyalowesha, viumbe wakapita, jua likayakausha yakashika kama saruji, na majivu mengine yakafunika juu. Lakini majivu ya mlima upi? Mwanajiolojia Richard Hay aliyaona kuwa ya jamii ya kaboneti, kama yale ya volkano ya Oldoinyo Lengai, na mlima uliotajwa ukawa Sadiman, kilomita 20 hivi mashariki ya Laetoli. Vitabu vikanakili hivyo kwa miongo mitatu.

Mwaka 2011 mtafiti Anatoly Zaitsev na wenzake wakapinga: miamba waliyoichunguza Sadiman haikuwa na kaboneti ya namna hiyo. Mwaka huohuo Godwin Mollel, mwanajiolojia Mtanzania, na wenzake wakachapisha uchunguzi wa Sadiman, Lemagurut na Oldeani, wakiihesabu milima hiyo kuwa chanzo cha matabaka ya Laetoli. Kwangu hoja ya Zaitsev ina uzito, maana majivu hurithi kemia ya mlima wake. Hata hivyo, kumwona Mtanzania akibishana kwa vipimo vya miamba ya kwao kunanipa fahari.

Mwaka 2015 Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifukua nyayo nyingine hukohuko Laetoli. Zile za 1978 zimefukiwa tena ili zisiharibike, na hilo ni sawa. Linaloniuma ni mwanafunzi wa Meatu anayechora volkano akinakili kitabu, na milima yenyewe iko ng'ambo ya ziwa.